Kurinyuu Medicaid ya familia bila kukatwa: fanya hivi, hatua kwa hatua

Medicaid ni bima ya afya ya serikali hapa Marekani kwa wenye kipato kidogo, na ili ubaki nayo lazima uirinyuu, yaani ukaguliwe upya kama bado unastahili. Naandika hii maana napigiwa simu ileile kila wiki. "Dada, nimefika famasi wananiambia kadi haifanyi kazi." Nauliza, barua ulipata? "Barua zinakuja nyingi, ziko kwenye mfuko juu ya friji." Basi naenda, tunamwaga ule mfuko mezani, tunaikuta bahasha ya miezi miwili nyuma haijafunguliwa, ndani kuna fomu ya kurinyuu na tarehe ishapita. Mtoto ana pumu, dawa ya kuvuta imeisha, baba yuko shifti ya usiku kiwandani, mama kakaa anaangalia chini. Inaniuma kila mara, maana familia ile haikutolewa kwa sababu imetajirika, imetolewa kwa sababu ya karatasi.

Na sio sisi peke yetu. Wakati wa korona majimbo yalizuiwa kutoa watu kwenye Medicaid, ule ulinzi ukaisha Machi 31, 2023, wakaanza kukagua watu wote upya, na watu zaidi ya milioni 25 wakatolewa nchi nzima. Karibu 7 katika kila 10 walitolewa kwa mambo ya karatasi tu, yaani fomu haikurudi, anwani ilikuwa ya zamani, saini haikuwepo. Wengi kati yao walikuwa bado wanastahili kabisa.

Waliopita kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma au Nakivale wanakumbuka verifikesheni, yaani kuhakikiwa. Unaitwa, unapanga foleni, unaweka vidole, na usipotokea jina linazimwa na mgao unaukosa hata kama una watoto saba na kila mtu kambini anakujua. Kurinyuu ni kitu hichohicho, tofauti ni kwamba hapa hakuna mtu anapita na kipaza sauti mtaani, anakuja mtu wa posta na bahasha, anaondoka.

Kabla hatujaanza, jambo la majina, maana linachanganya sana. Medicaid kila jimbo linaipa jina lake. Tennessee ni TennCare, Maine ni MaineCare, Massachusetts ni MassHealth, California ni Medi-Cal, Arizona ni AHCCCS, Wisconsin ni BadgerCare Plus, Washington ni Apple Health. Halafu kuna CHIP, hiyo ni ya watoto ambao wazazi wanapata kidogo zaidi ya kiwango cha Medicaid. Na juu ya hapo kadi yako inaweza kuwa na jina la kampuni ya bima ambayo jimbo limeipa kazi ya kukuhudumia. Kwa hiyo ukiona kadi ina jina la kampuni usidhani huna Medicaid, unayo, na anayeamua ubaki au utoke ni ofisi ya jimbo, sio ile kampuni.

Vitu vya kuwa navyo mezani

Vikusanye mapema, sio siku ya mwisho:

- Barua yenyewe ya kurinyuu na namba ya keisi yako. Barua ikipotea, namba ya keisi utaikuta kwenye barua yoyote ya zamani ya ofisi ileile.
- Soshal (namba ya Social Security) za kila mtu anayeomba.
- Green card (kadi ya ukaaji wa kudumu), au I-94 (karatasi ya kuingilia nchini) kama bado hujapata green card, au cheti cha uraia au pasipoti ya Marekani.
- Pei stabu (karatasi za malipo ya mshahara) za siku 30 zilizopita za kila anayefanya kazi ndani ya nyumba. Kama mwajiri anaziweka kwenye apu, piga skrini shoti zinazoonyesha jina lako, tarehe na kiasi kabla ya kukatwa kodi.
- Kama unaendesha Uber au unapeleka chakula au unasuka nywele nyumbani, andaa fomu ya kodi ya mwaka jana na daftari la mapato na matumizi ya mwezi mmoja mmoja. Daftari la mkono linakubalika mradi lieleweke.
- Kama umeacha kazi, barua ya mwajiri inayosema siku ya mwisho.
- Kadi ya bima ya kazini kama kuna mtu anayo.
- Simu yenye kamera nzuri na bahasha moja kubwa ya kuwekea kila kitu kinachohusu Medicaid tu. Usichanganye na bili za umeme.

Hatua zenyewe

1. Jua mwezi wako. Familia nyingi zinakaguliwa mara moja kila miezi 12, lakini sio wote kwa wakati mmoja, jirani yako anaweza kuwa Machi wewe ni Septemba. Usingoje barua ndio ujue. Piga simu ofisini au ingia kwenye akaunti yako ya jimbo, uliza "tarehe yangu ya renewal ni lini", iandike kwenye kalenda ya ukutani na uiweke kwenye simu ikulilie miezi miwili kabla. Ndani ya nyumba moja pia tarehe zinaweza kutofautiana, mtoto aliyeongezwa baadae anaweza kuwa na mwezi wake, kwa hiyo ulizia kila jina.

2. Hakikisha anwani na namba ya simu. Hapa ndipo watu wengi wanapopotelea. Ukihama apatimenti, hata kama ni kutoka jengo A kwenda jengo C, ofisi ya Medicaid lazima uiambie wewe mwenyewe. Kumwambia mwenye nyumba haitoshi, kuwaambia shuleni haitoshi, na kubadilisha posta peke yake haitoshi kwa sababu barua nyingi za serikali hazifuati anwani mpya, zinarudi zilikotoka. Na jina lako liwe kwenye boksi la posta. Wengi wetu tunakaa familia mbili nyumba moja wakati tumefika, na mtu wa posta akiona jina halipo pale anairudisha. Namba ya simu vilevile, wale wanaobadilisha laini kila baada ya miezi mitatu mnajikosesha taarifa.

3. Fungua kila bahasha siku inayofika. Nisikilize hapa. Kabla ya kukuandikia, ofisi inatakiwa ijaribu kwanza kukurinyuu yenyewe kwa kuangalia taarifa zilizopo kwenye kompyuta za serikali, kama mishahara na soshal. Wakiona bado unastahili wanakurinyuu bila kukuuliza kitu na wanakutumia barua ya kukujulisha. Hiyo barua ukiipata isome, kama walichoandika ni kweli huna haja ya kurudisha kitu. Kama kuna uongo ndani, kwa mfano wameandika kazi ulioiacha zamani, wapigie warekebishe.

Wasipoweza kukurinyuu wenyewe ndio wanatuma fomu ya kujaza. Tafuta neno RENEWAL juu ya karatasi na tafuta tarehe ya mwisho. Kwa familia na watoto wanatakiwa wakupe siku zisizopungua 30, lakini hizo 30 zinahesabiwa tangu walipotuma, sio tangu ulipofungua. Barua ikikaa juu ya friji wiki mbili, umebaki na nusu.

Kama husomi Kiingereza, ipige picha uitume kwa mtu unayemwamini siku hiyohiyo. Karibu kila barua ina ukurasa wa mwisho wenye lugha nyingi, angalia kama Kiswahili kipo na namba ya kupiga.

4. Chagua njia ya kurudisha. Kwa kawaida ziko nne: mtandaoni, kwa simu, kwa posta, au kwenda ofisini mwenyewe. Zote ni halali. Mi ushauri wangu ni mtandaoni kama kuna kijana au mtu mzima nyumbani anayeweza kutumia simu vizuri, kwa sababu unapata uthibitisho papo hapo na tarehe inaonekana. Kama huna wa kukusaidia, ofisini. Posta iwe chaguo la mwisho, na ukituma kwa posta tuma ile ya kufuatiliwa yenye risiti. Familia haziitwi kwenye intavyuu ya lazima ili kurinyuu Medicaid, mtu akikwambia lazima ulipie miadi ya intavyuu huyo ni tapeli.

5. Omba mkalimani, usimtumie mtoto. Ofisi zinazopokea pesa za serikali kuu zinapaswa kukupa msaada wa lugha bure. Ukipiga simu, mashine itaongea Kiingereza na Kispanishi, wewe ngoja mpaka mtu apokee kisha sema maneno matatu tu: "Swahili interpreter, please". Halafu nyamaza usubiri. Usiseme "little English" kwa aibu, wakisikia hivyo wataendelea na Kiingereza na wewe utajibu "yes" kwenye swali ambalo hujalielewa, na ile "yes" inaandikwa.

Kiswahili cha Bukavu na cha Mombasa sio kimoja. Mkalimani akiwa haelewani na wewe, mwambie bila woga kwamba hamuelewani, omba mwingine. Kama wewe ni mzee wa Kibembe au Kinyamulenge na Kiswahili chako ni cha sokoni tu, sema lugha yako, mara nyingine anapatikana.

Na mtoto wa miaka 11 asitumike kuelezea mambo ya mshahara wa baba na mimba ya mama yake. Nimeona mtoto analia kwenye simu kwa sababu hajui neno na anafikiri familia itakosa hospitali kwa ajili yake. Huo mzigo sio wake.

6. Jaza nani yuko ndani ya nyumba. Fomu mara nyingi inakuja imeshajazwa taarifa za mwaka jana, kazi yako ni kuhakiki. Angalia majina moja moja. Mtoto mpya yupo? Aliyeolewa akahama ametolewa? Kwa Medicaid ya familia wanaangalia zaidi wale mnaoandikwa pamoja kwenye kodi, kwa hiyo binamu anayelala sebuleni na anafaili kodi yake mwenyewe sio mtu wa keisi yako, mshahara wake usiuweke. Watu wanaandika kila mtu aliyeko kwenye nyumba kwa uaminifu kabisa, halafu mshahara unaonekana mkubwa na wanakatwa.

Sisi pia tuna shida ya majina na tarehe. Wengi tumeandikwa Januari 1, ndugu watatu tarehe moja, jina la baba limekuwa la kwanza na la kwanza limekuwa la mwisho. Andika kama lilivyo kwenye kadi ya soshal, hata kama unajua limekosewa. Ukitaka kulisahihisha nenda kalisahihishe ofisi ya soshal kwanza, ndio uje kwenye Medicaid. Ukiandika tofauti kompyuta inakuona ni mtu mwingine.

7. Andika mapato vizuri. Taratibu hapa. Wanataka kiasi kabla ya kodi, sio kile kinachoingia benki. Wanataka cha sasa, sio cha mwaka jana ulipokuwa na kazi mbili. Na hesabu ya mwezi sio kuzidisha wiki kwa 4, maana mwaka una wiki 52. Ukilipwa dola 800 kwa wiki, zidisha kwa 52 halafu gawa kwa 12, unapata kama dola 3,467 kwa mwezi. Ukilipwa kila wiki mbili, zidisha kwa 26 ugawe kwa 12.

Ovataimu inaumiza watu wetu wa viwanda vya nyama na maghala. Mwezi wa kumi na mbili unapiga masaa 60 kwa wiki, unatuma stabu za Desemba, wanafikiri ndio mshahara wako wa mwaka mzima. Kama ovataimu ilikuwa ya msimu, tuma na stabu za miezi ya kawaida, na ombea barua HR (ofisi ya wafanyakazi kazini) au kwa msimamizi inayosema masaa yako ya kawaida ni mangapi na ovataimu haina uhakika. Sio kudanganya huko, ni kueleza ukweli wote.

Kuna vitu havihesabiwi kwa Medicaid ya familia: SSI (msaada wa serikali kwa wazee na walemavu wa kipato kidogo) haihesabiwi, na pesa ya matunzo ya mtoto unayopokea kutoka kwa mzazi mwenzio haihesabiwi. Swali ninaloulizwa sana ni hili, "kila mwezi natuma dola 300 kwa mama Uvira, si wanipunguzie?" Hapana ndugu yangu, hazipunguzwi, nasikitika kukwambia.

Usifiche kazi. Wanaona mshahara kwenye kompyuta, ukificha wanakuandikia barua ya kuuliza, usipojibu unakatwa, na ukibainika ulidanganya makusudi wanaweza kukudai walicholipa.

Kiwango chenyewe, ili upate picha. Kwa mwaka 2025 mstari wa umaskini kwa familia ya watu 4 ulikuwa dola 32,150 kwa mwaka, na huwa unasogea kidogo kila mwaka. Majimbo mengi yanachukua watu wazima mpaka asilimia 138 ya hapo, yaani kama dola 44,367 kwa familia ya wanne, na hilo ndilo linaitwa upanuzi wa Medicaid. Ila majimbo 10 hayakuchukua huo upanuzi, mfano Texas, Tennessee, Georgia, Kansas, na huko kiwango cha wazazi ni cha chini sana mara nyingi. Lakini sikia: kiwango cha watoto ni cha juu kuliko cha wazazi kila mahali. Mshahara ukipanda usiseme "sisi tumetoka, naitupa fomu". Irudishe. Wazazi wanaweza kutoka na watoto wakabaki, au wakahamishiwa CHIP. Nimeona watoto wanne wamekaa bila kadi mwaka mzima kwa sababu tu baba alipata kazi nzuri akadhani mambo yameisha.

8. Saini. Weka saini na tarehe. Narudia kwa herufi kubwa, SAINI NA TAREHE. Mimi mwenyewe mwaka wangu wa pili hapa nilijaza kurasa zote, nikaambatanisha kila kitu, nikasahau saini ukurasa wa mwisho, na hakuna aliyenipigia. Nilijua nimetolewa siku nimempeleka mwanangu kwa daktari wa meno. Tangu siku ile huwa nasaini kwanza ndio najaza.

9. Piga picha kila ukurasa kabla hujatuma. Pamoja na viambatanisho. Ukipeleka ofisini, omba wagonge muhuri wa tarehe kwenye kopi yako, ukituma kwa faksi omba karatasi ya uthibitisho, mtandaoni skrini shoti ya mwisho yenye namba. Andika namba ya keisi juu ya kila karatasi unayoambatanisha, kwa sababu karatasi zinaachana na wenzake kwenye skana.

10. Fuatilia. Baada ya siku 10 piga simu: "mmepokea? kuna kitu kimepungua?" Asubuhi ofisi inapofunguliwa ndio foleni ya simu fupi. Andika jina la aliyekujibu, tarehe na saa. Wakituma barua ya kuomba kitu kingine, kwa mfano stabu moja zaidi, hiyo nayo ina dedlaini yake, na mara nyingi ni fupi kuliko ya kwanza. Watu wanarudisha fomu wanapumua, wanaacha kufungua barua, halafu wanakatwa kwa hiyo ya pili.

Makosa ninayoyaona kila siku

Kubwa kuliko yote ni kufikiri fudi stempu (ule msaada wa chakula) na Medicaid ni kitu kimoja. Majimbo mengine ofisi ni moja na hata keisi woka ni mmoja, lakini kurinyuu fudi stempu sio lazima iwe umerinyuu Medicaid. WIC (chakula cha wajawazito na watoto wadogo) ni kingine, Section 8 (msaada wa kodi ya nyumba) ni kingine. Kila ukimaliza moja uliza wazi: "na Medicaid je?"

Lingine, kumlipa mtu. Kurinyuu ni bure. Kuna watu wetu wenyewe wanatoza dola 50 au 100 kujaza fomu, na wengine wanabaki na soshal za watoto wako kwenye simu yao. Msaada wa bure upo: shirika lililokupokea ulipofika, kliniki za jamii zina wafanyakazi wa kusaidia fomu, na ukipiga simu namba 211 wanakuelekeza kwa walio karibu na wewe. Unaweza pia kujaza karatasi ya kumteua mtu mzima unayemwamini awe anaongea na ofisi kwa niaba yako na kupokea nakala za barua, inasaidia sana wazee.

Na hofu. "Nikirinyuu nitakosa green card." Mkimbizi na aliyepewa hifadhi wameondolewa kisheria kwenye lile swali la kuwa mzigo wa serikali wanapoomba green card. Na kwenye kuomba uraia hilo swali halipo. Usimtoe mtoto hospitali kwa maneno ya WhatsApp.

Mabadiliko ambayo lazima uyajue

Julai 4, 2025 ilisainiwa sheria mpya kubwa na inagusa watu wetu moja kwa moja. Nitasema mambo matatu tu.

La kwanza ndilo zito. Kuanzia Oktoba 1, 2026, kuwa mkimbizi au kuwa na hifadhi peke yake hakutoshi tena kwa Medicaid ya kawaida ya pesa za serikali kuu, watu wa green card na raia ndio wanaobaki, pamoja na makundi machache kama Wakuba na Wahaiti wa aina fulani na watu wa visiwa vya Pasifiki vyenye mkataba na Marekani. Mkimbizi anaruhusiwa kuomba green card akitimiza mwaka mmoja hapa. Kama umetimiza mwaka na hujaomba, leo hii mpigie shirika lako au wakili wa msaada wa kisheria, usingoje. Nikikutana na mtu ana miaka minne hapa na green card hajaomba kwa sababu "hakuna aliyeniambia", nakosa la kusema. Sasa umeambiwa. Na ukiipata, ipeleke kopi ofisi ya Medicaid, usidhani wataiona wenyewe. Watoto na wajawazito wenye makaratasi halali, majimbo mengi yana njia yao ya kuwaweka, kwa hiyo usiwatoe kwenye fomu kwa kukata tamaa.

La pili, watu wazima wa ule upanuzi wa Medicaid wataanza kukaguliwa kila miezi 6 badala ya 12, kwa renewal za kuanzia mwisho wa Desemba 2026. Maana yake bahasha mbili kwa mwaka.

La tatu, hao hao wa upanuzi, miaka 19 hadi 64, majimbo yanatakiwa kuanza kuwadai uthibitisho wa kazi, masomo au kujitolea masaa 80 kwa mwezi, ifikapo Januari 2027. Mzazi anayelea mtoto wa miaka 13 au chini ameondolewa, mjamzito ameondolewa, na mgonjwa au mlemavu pia, lakini lazima ionekane kwenye faili lako. Kwa hiyo anza kutunza stabu zote kuanzia sasa, na kama wewe ni mzazi hakikisha watoto wameandikwa kwenye keisi na miaka sahihi. Hapa zile tarehe za Januari 1 zinaweza kutuletea kazi.

Ikikwama

"Wamenikata na sijapata barua." Piga simu siku hiyo, uliza sababu na tarehe. Kama ni kwa ajili ya fomu haikurudi, una siku 90 tangu ulipokatwa kurudisha fomu ileile bila kuanza maombi mapya. Irudishe haraka na uliza kama bili za zile siku za katikati zitalipwa. Usilipe bili ya hospitali ya kipindi hicho kabla hujapata jibu, waambie hospitali kwamba unasubiri Medicaid.

"Siku 90 zimepita." Omba upya. Medicaid na CHIP hazina msimu, unaomba siku yoyote ya mwaka.

"Barua inasema nakatwa mwisho wa mwezi na mimi nastahili." Wanatakiwa kukupa taarifa angalau siku 10 kabla. Una haki ya kuomba kusikilizwa, na ukiomba kabla ya ile tarehe ya kukatwa unaweza kubaki na kadi mpaka uamuzi utoke. Ujue tu kwamba ukishindwa kuna majimbo yanaweza kukudai gharama za kipindi hicho. Omba kwa maandishi, tunza kopi. Ofisi za msaada wa kisheria zinasaidia bure kwa keisi hizi.

"Wamemkata mtoto katikati ya mwaka kwa sababu mshahara wangu umepanda." Hiyo ipinge. Tangu Januari 1, 2024 mtoto wa chini ya miaka 19 akishakubaliwa anakaa miezi 12 hata mapato yakibadilika, isipokuwa mambo machache kama kuhamia jimbo lingine.

"Nimejifungua, mtoto hana kadi." Kama ulikuwa na Medicaid siku ya kujifungua, mtoto anaingia moja kwa moja mpaka atimize mwaka mmoja. Waambie ofisi jina na tarehe, basi. Na wewe mama, karibu majimbo yote yanakuacha na kadi miezi 12 baada ya kujifungua.

"Mwanangu katimiza 19." Keisi yake inabadilika, anaangaliwa kama mtu mzima. Mwandalie karatasi zake mapema na afungue akaunti yake.

"Tumehamia jimbo lingine." Medicaid haihami na wewe. Unafunga kule, unaomba upya huku, wiki ileile uliofika. Umetoka Dallas umeenda Des Moines kwa ajili ya kazi, kadi ya Texas haitakusaidia Iowa isipokuwa kwa dharura.

"Kweli sasa tunapata zaidi ya kiwango." Uliza CHIP kwa watoto kwanza. Kwa wakubwa, bima ya kazini: ukipoteza Medicaid una siku 60 za kuomba kuingia hata kama msimu umepita, mwambie HR. Au soko la bima la serikali, HealthCare.gov, 1-800-318-2596, wana wakalimani, na hapo muda ni siku 90 tangu upoteze Medicaid, lakini usichelewe.

"Mtoto anaumwa leo na kadi imezimwa." Mpeleke. Hospitali yenye chumba cha dharura inatakiwa kisheria imwangalie na kumtuliza bila kujali kadi, tangu 1986. Kama sio dharura, kliniki ya jamii inatoza kulingana na kipato chako. Dawa ikiwa imeisha, mwombe mfamasia akupe bei ya dawa isiyo na jina la kampuni, na umuulize kama anaweza kukupa za siku chache wakati unapigia ofisi. Halafu ukitoka hapo, kabla hujarudi nyumbani, kaa kwenye gari, piga ofisini na namba ya keisi mkononi.